Njia ya Kurudi: Historia ya Kushindikana kwa Uboreshaji wa Mfumo Endeshi wa Windows, 1995–2020

Utangulizi

Historia ya mifumo endeshi ya kompyuta kwa kawaida huandikwa kwa kufuata tarehe za uzinduzi. Windows 95 ilianza kuuzwa tarehe 24 Agosti 1995, Windows XP tarehe 25 Oktoba 2001, Windows 7 tarehe 22 Oktoba 2009 na Windows 10 tarehe 29 Julai 2015. Kila tarehe hufuatwa na maelezo ya mambo mapya yaliyoletwa na toleo husika. Mkabala huo una faida yake, lakini unachukulia kwamba toleo likishatangazwa limekwisha kufika kwenye kompyuta ya mtumiaji. Kati ya tangazo na matumizi kuna kazi ngumu: kuuondoa mfumo unaofanya kazi na kuweka mwingine mahali pake, juu ya diski ileile inayohifadhi hesabu, picha, barua na tasnifu za mwenye kompyuta. Kazi hiyo inaposhindikana katikati, swali la kwanza la mtumiaji si toleo jipya lina nini, bali ni kama anaweza kurudi alikokuwa.

Makala hii inafuatilia namna swali hilo lilivyojibiwa katika mfumo wa Windows wa kampuni ya Microsoft. Hoja inayojengwa ni kwamba, katika kipindi cha robo karne, mtengenezaji aliijenga hatua kwa hatua njia ya kurudi kwa ajili ya mfumo wenyewe, ilhali nyaraka za mtumiaji ziliachwa nje ya njia hiyo kwa dhana kwamba uboreshaji hautazigusa. Mwezi Oktoba 2018 dhana hiyo ilivunjika hadharani. Neno uboreshaji linatumika hapa kwa maana ya kubadilisha toleo la mfumo endeshi, au kuusasisha kwa kiasi kikubwa, bila kufuta diski. Usakinishaji unaoanza na diski tupu unatajwa pale tu unapoonekana kama suluhisho la mwisho.

Chanzo kinachostahili kuzingatiwa zaidi katika uchunguzi wa aina hii ni mafaili ya kumbukumbu ambayo programu ya usakinishaji huyaandika inapofanya kazi. Mafaili hayo hayakuandikwa kwa ajili ya mwanahistoria, wala kwa ajili ya mtumiaji wa kawaida. Hata hivyo, yanaonyesha kwa uwazi kuliko matangazo ya biashara ni hatua zipi wahandisi waliziona kuwa za hatari, kwa kuwa hakuna anayeandika kumbukumbu ya jambo asilolihofia.

Kitufe cha kuzimia

Windows 95 iliuzwa kwa CD au kwa seti ya diski 13 za flopi. Hatari kubwa ya usakinishaji wake haikuwa kunakili mafaili bali kutambua vifaa. Kompyuta za wakati huo zilikuwa na kadi za sauti, za mtandao na za modemu zilizopangwa kwa mkono, na njia pekee ya kujua kilichomo ilikuwa kupeleka ishara kwenye anwani fulani na kusubiri jibu. Ishara iliyokusudiwa kadi moja iliweza kuifikia nyingine, na kompyuta nzima ikaganda.

Wahandisi hawakuweza kuizuia hali hiyo. Walichofanya ni kuipangia mapema. Kabla ya kila jaribio, programu ya usakinishaji iliandika kwenye diski jambo ililokuwa karibu kulifanya. Kompyuta ikiganda, lilibaki faili lililoitwa DETCRASH.LOG, ambalo programu hiyo peke yake ndiyo iliyoweza kulisoma, pamoja na DETLOG.TXT, maandishi ya kawaida yaliyoweza kusomwa na binadamu. Mtumiaji alielekezwa kuizima kompyuta kabisa kwa kitufe, si kwa vibonye vya kibodi, kisha kuiwasha na kuanza tena. Programu ilisoma faili lake, ikatambua mahali ilipokwama na kuruka jaribio lile. Huenda hii ndiyo njia ya uaminifu zaidi katika historia nzima inayojadiliwa hapa: mtengenezaji alikiri kwamba kompyuta itaganda, akamwambia mtumiaji afanye nini ikiganda.

Kuhusu kurudi, mtumiaji aliulizwa kama angependa mafaili ya mfumo wa zamani yahifadhiwe. Akikubali, mafaili ya DOS na ya Windows ya awali yalibanwa na kuwekwa katika faili lililofichwa lenye jina W95UNDO.DAT. Ndani yake hamkuwa na barua wala hesabu ya mtu. Nyaraka zilibaki zilipokuwa, na mtumiaji mwangalifu alizinakili kwenye flopi kabla ya kuanza. Mgawanyo huo wa majukumu, yaani mfumo ukitunzwa na programu na nyaraka zikitunzwa na mwenyewe, haukuandikwa kama kanuni, lakini ulidumu. Zana ya kurejesha mfumo iliyokuja na Windows Me mwezi Septemba 2000 ilifuata mgawanyo uleule: ilifuatilia aina maalumu za mafaili ya mfumo na kuiacha nje folda ya nyaraka za mtumiaji.

Mzunguko wa 2008

Tarehe 6 Mei 2008 Microsoft ilitoa kwa umma kifurushi cha tatu cha masasisho ya Windows XP, kijulikanacho kama SP3. Baadhi ya kompyuta zenye vichakataji vya AMD zilimaliza usakinishaji vizuri, zikajizima ili kuanza upya, kisha zikaingia katika mzunguko usiokwisha: nembo ya Windows, skrini ya buluu iliyoonekana kwa nukta chache, na kuanza tena.

Asili ya tatizo haikuwa kwenye SP3 pekee. Watengenezaji wa kompyuta huandaa taswira moja ya diski na kuinakili kwenye maelfu ya mashine. Taswira iliyoandaliwa kwenye kompyuta yenye kichakataji cha Intel ilibeba draiva iitwayo intelppm.sys, inayosimamia matumizi ya umeme ya vichakataji vya Intel, na mpangilio wa kuiwasha ulinakiliwa pia kwenye mashine za AMD. Kasoro hiyo ilikaa kimya hadi sasisho lilipokuja kuiamsha. Hapa panaonekana jambo ambalo historia ya tarehe za uzinduzi haiwezi kulionyesha: uboreshaji hukutana na historia ya kompyuta yenyewe, pamoja na maamuzi yaliyofanywa kiwandani miaka kadhaa kabla mnunuzi hajaifungua boksi.

Utatuzi wake ulikuwa mfupi kwa aliyeujua. Mtumiaji aliiwasha kompyuta katika hali salama, ambamo draiva ile haikupakiwa, akafungua rejista ya mfumo, akatafuta ingizo la intelppm na kuibadilisha thamani ya Start kuwa 4, yaani isiwashwe. Aliyekuwa na CD ya Windows XP aliweza kuandika disable intelppm kwenye mstari wa amri wa zana ya uokoaji. Ugumu ulikuwa kwamba kompyuta nyingi, za mezani na za mpakato, ziliuzwa bila CD hiyo. Badala yake zilikuwa na sehemu iliyofichwa ya diski ambayo kwa kawaida iliirudisha kompyuta katika hali iliyotoka nayo kiwandani. Njia ya kurudi ilikuwepo, lakini iliishia siku ya kununuliwa, na mara nyingi nyaraka zote zilizoandikwa baada ya siku hiyo zilifutika. Kwa mtumiaji asiyejua kwamba thamani moja ya rejista ingetosha, hilo ndilo lililokuwa suluhisho lililo karibu zaidi.

Asilimia 62

Kuanzia Windows Vista, iliyoanza kuuzwa kwa umma tarehe 30 Januari 2007, namna ya kusakinisha ilibadilika kabisa. Programu haikunakili tena faili mojamoja juu ya mfumo wa zamani. Mfumo mpya ulikuja ukiwa taswira kamili. Mfumo wa zamani ulisogezwa pembeni, taswira ikafunguliwa, kisha mipangilio na data za mtumiaji zikahamishiwa katika mfumo mpya. Hatua yoyote ikishindikana, mfumo wa zamani uliweza kurejeshwa wenyewe. Kwa mara ya kwanza njia ya kurudi ikawa sehemu ya safari yenyewe, si jambo la kuombwa.

Mfano unaoeleza vizuri nguvu na udhaifu wa mpango huu ni tatizo lililojitokeza mwaka 2009 kwa waliokuwa wakihama kutoka Vista kwenda Windows 7. Katika baadhi ya kompyuta uboreshaji ulifika asilimia 62 na kusimama hapo, saa baada ya saa, bila ujumbe wowote wa kosa. Mtumiaji alipoizima na kuiwasha kompyuta, Vista ilirejea ikiwa salama. Njia ya kurudi ilifanya kazi barabara. Lakini mtu alirudishwa pale alipoanzia bila kuambiwa kilichomkwamisha, na akijaribu tena alikwama kwenye asilimia ileile.

Jibu lilikuwa ndani ya faili liitwalo setupact.log, katika folda iliyofichwa ya $WINDOWS.~BT. Mistari ya mwisho ya faili hilo ilitaja IphlpsvcMigPlugin.dll, kipande cha programu kilichohusika na kuhamisha mipangilio ya huduma moja ya mtandao. Huduma hiyo iliacha kuitikia, na usakinishaji ukaisubiri bila kikomo. Microsoft ilielekeza watumiaji waongeze kigeu cha mazingira chenye jina MIGRATION_IGNORE_PLUGINS na kukipa thamani IphlpsvcMigPlugin.dll, kisha waanze upya. Programu iliposoma kigeu hicho ilikiruka kipande kile na kuendelea.

Ukilinganisha na 1995, mantiki ni ileile: tambua kilichokwamisha, kiruke, endelea. Tofauti ni kwamba mwaka 1995 programu iliruka yenyewe baada ya kuzimwa na kuwashwa, ilhali mwaka 2009 ilimhitaji binadamu afungue faili, asome jina lisilotamkika na kuliandika mahali pengine bila kukosea herufi. Kadiri mfumo ulivyojifunza kujirejesha, ndivyo sababu ya kushindikana ilivyozidi kufichika kwa mtumiaji. Namba 62 nayo haikuwa kipimo cha muda wala cha kazi iliyosalia. Ilitaja tu mahali katika orodha ya hatua.

Sarufi ya misimbo

Windows 10 ilitolewa bure kwa mwaka mmoja kwa wenye Windows 7 na 8.1, hadi tarehe 29 Julai 2016. Toleo lilipakuliwa kupitia intaneti, aghalabu chinichini, likiwa na ukubwa wa gigabaiti kadhaa. Katika pwani ya Afrika Mashariki, ambako kebo ya baharini ya SEACOM ilikuwa imefika Mombasa na Dar es Salaam mwezi Julai 2009 tu, utaratibu huo usingefikirika katika enzi ya setilaiti. Na hata mwaka 2015, kwa aliyenunua intaneti kwa bando, kila jaribio lililoshindikana na kuanza tena lilikuwa na bei yake.

Uboreshaji wenyewe uligawanywa katika awamu nne. Ya kwanza hufanyika ndani ya mfumo wa zamani, ambamo mafaili hupakuliwa na vifaa hukaguliwa. Ya pili hufanyika katika mfumo mdogo wa muda, wakati mfumo mkuu umelala. Ya tatu ni mwasho wa kwanza wa mfumo mpya, na ya nne ni mwasho wa pili. Uboreshaji ukirudishwa nyuma, mtumiaji huoneshwa misimbo miwili, kwa mfano 0xC1900101 ikifuatwa na 0x20017. Msimbo wa kwanza husema kwa ujumla kwamba mfumo umerudishwa nyuma, na mara nyingi huashiria draiva isiyopatana. Habari yenye thamani imo katika msimbo wa pili: tarakimu 2 hutaja awamu, yaani mfumo mdogo wa muda, na 17 hutaja kitendo, yaani kuwasha. Vivyo hivyo, 0x4000D maana yake ni awamu ya nne, wakati wa kuhamisha data.

Mtu aliyeisoma sarufi hii aliweza kutenda kwa mpangilio. Alichomoa vifaa vyote vya nje isipokuwa vya lazima, akaondoa kwa muda programu ya kuzuia virusi, akasasisha draiva, akahakikisha nafasi kwenye diski, kisha akajaribu tena. Asiyeisoma aliona namba tu. Vifurushi vya lugha ya Kiswahili vilivyotolewa kwa ajili ya Windows 7 viliwekwa juu ya toleo la Kiingereza na kutafsiri sehemu zinazotumika zaidi za kiolesura. Mafaili ya kumbukumbu yalibaki kwa Kiingereza. Tafsiri iliishia pale ambapo shida huanzia.

Kompyuta mpakato za bei nafuu zilikuwa na tatizo la ziada. Baadhi ya zile zilizouzwa kuanzia 2014 zilikuwa na hifadhi ya gigabaiti 32 tu, isiyotosha kubeba mfumo wa zamani na mpya kwa wakati mmoja. Programu ya usakinishaji iliruhusu flashi au diski ya nje kuchomekwa ili iazime nafasi, na mtumiaji alishauriwa akitunze kifaa hicho baada ya kumaliza, kwa kuwa bila hicho asingeweza kurudi. Njia ya kurudi sasa iliweza kupotea mfukoni.

Suala la ridhaa nalo liliibuka. Mwezi Mei 2016 dirisha la kutangaza Windows 10 lilipofungwa kwa alama ya X, uboreshaji uliokwisha kupangiwa saa uliendelea kama ulivyopangwa. Mfanyabiashara mmoja wa California, ambaye kompyuta yake ya kazi iliharibika kiutendaji baada ya uboreshaji ambao alisema hakuuidhinisha, aliishtaki Microsoft na kupewa dola 10,000. Kampuni iliacha kukata rufaa, na habari hizo zilichapishwa mwezi Juni 2016. Mwezi Agosti mwaka huohuo, toleo la 1607 lilipunguza muda wa kurudi kwenye mfumo wa awali kutoka siku 30 hadi siku 10. Kupunguzwa huko hakukuzua mjadala mkubwa kama ule wa alama ya X, ingawa kwa mtu anayeifungua kompyuta yake mara moja kwa wiki, siku 10 ni fursa moja au mbili tu za kugundua kwamba kuna kitu hakiko sawa.

Oktoba 2018

Toleo la 1809 lilitolewa tarehe 2 Oktoba 2018. Ndani ya siku chache, baadhi ya watumiaji walieleza kwamba uboreshaji wao ulifanikiwa, mfumo mpya ulikuwa ukifanya kazi, lakini folda zao za nyaraka na picha zilikuwa tupu. Microsoft ilisimamisha usambazaji kabla wiki ya kwanza haijaisha, na tarehe 9 Oktoba ikaeleza sababu.

Windows humruhusu mtumiaji kuhamisha folda zake za kawaida, kwa mfano nyaraka, kutoka diski ya C kwenda kwingine. Wenye kompyuta mpakato zenye diski kuu ndogo walikuwa na kila sababu ya kufanya hivyo. Mfumo huuliza kama mafaili yaliyomo yahamishwe pia. Aliyejibu hapana alibaki na folda mbili: mpya iliyotambuliwa na mfumo, na ya zamani iliyobaki na mafaili yake. Baada ya toleo la Aprili 2018, watumiaji walilalamika kwamba walikuwa wakiona folda za ziada zilizo tupu. Wahandisi wakaongeza katika toleo la Oktoba msimbo wa kuziondoa. Msimbo huo uliifuta folda ya zamani pamoja na vilivyomo.

Kwa hiyo hasara haikutokana na uzembe wa kutojali malalamiko. Ilitokana na kuyajibu. Usafi ulifanywa na programu iliyodhani kwamba folda isiyotambuliwa na mfumo haina kitu cha thamani, ilhali kwa mwenyewe ndimo kazi yake ya miaka ilimokuwa. Na hapa ndipo mgawanyo wa 1995 ulipoonyesha gharama yake. Mtumiaji aliyerudi kwenye toleo la awali aliurejesha mfumo kutoka Windows.old, lakini mafaili yake hayakurudi, kwa sababu hayakuwahi kuwekwa humo: yalifutwa, hayakusogezwa. Microsoft iliwashauri waathirika waitumie kompyuta kidogo iwezekanavyo na kuwasiliana na huduma kwa wateja. Ushauri huo ulikuwa sahihi, kwa kuwa kila kinachoandikwa kwenye diski kinaweza kufunika mabaki ya kilichofutwa. Kwenye diski za kielektroniki zisizo na sehemu zinazozunguka, ambazo wakati huo zilikuwa za kawaida katika kompyuta mpakato, nafasi ya faili lililofutwa husafishwa mapema, na matumaini ya kuokoa huwa madogo zaidi.

Kampuni ilieleza kwamba taarifa za upotevu wa data zilikuwa sawa na moja ya mia ya asilimia moja ya usakinishaji wa toleo hilo. Takwimu hiyo inahitaji kusomwa kwa uangalifu. Kilichopimwa ni taarifa, si hasara. Asiyefungua folda yake juma lile, au asiyejua pa kulalamika, hakuhesabiwa. Isitoshe, kabla ya tarehe 2 Oktoba baadhi ya waliokuwa wakijaribu matoleo ya awali walikuwa wameripoti tatizo hilohilo katika programu ya kupokea maoni, lakini taarifa zao zilipotea kati ya nyingi nyingine. Microsoft iliongeza baadaye sehemu ambamo mtoa taarifa angeweza kueleza ukali wa tatizo. Toleo la 1809 lilianza kusambazwa tena tarehe 13 Novemba 2018.

Mwaka 2019, kwa toleo la 1903, mtumiaji alirudishiwa uamuzi wa kuanza uboreshaji mkubwa mwenyewe badala ya kuushtukia umeanza. Toleo hilohilo lilianzisha, kwa kompyuta mpya, akiba ya takribani gigabaiti 7 kwenye diski ili masasisho yasikose nafasi. Akiba hiyo ni ya mfumo. Mwaka 2020 Microsoft ilitoa programu ya kuokoa mafaili yaliyofutwa, iitwayo Windows File Recovery. Programu hiyo haina madirisha wala vitufe: hutumiwa kwa kuandika amri, kwa Kiingereza, na haikubali kuandika mafaili yaliyookolewa kwenye diski ileile yalikopotea. Mwenye kompyuta mpakato yenye diski moja hulazimika kwanza kutafuta diski ya pili.